Mnara wa Teahupo'o: ugomvi uliokaribia kuimeza sefingi ya Olimpiki 2024

Watu wengi sefingi ya Olimpiki ya 2024, ule mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao, wanaikumbuka kwa picha moja tu, ile ya Mbrazili Gabriel Medina yuko hewani wima, kidole juu, na ubao wake nao umesimama wima pembeni yake kana kwamba wamepanga. Aliipiga Jérôme Brouillet wa shirika la habari la AFP tarehe 29 Julai akiwa kwenye boti, na ndani ya masaa machache dunia nzima ilikuwa inaishea. Picha kali, hilo halina mjadala. Ila mimi kila nikiiona nawaza kitu ambacho hakionekani pale kwenye fremu, mnara wa majaji, ule wa alumini uliojengwa juu ya matumbawe, ambao miezi saba tu nyuma ulikuwa umebakiza kidogo uivunje shughuli nzima ihamishwe sehemu nyingine.

Kisa cha huo mnara kimesimuliwa sana nusu nusu. Ukisoma upande huu unaambiwa wanamazingira walipiga kelele bure mbona mashindano yamepita salama, ukisoma upande ule unaambiwa Olimpiki ilikuja kuua bahari ya watu. Nimefuatilia vyote viwili na naona kuna kitu pande zote wamekiruka, nitafika huko, tuanze na mahali penyewe kwanza.

Teahupo'o ni kijiji cha watu kama 1,500 hivi kwenye kisiwa cha Tahiti, Polinesia ya Ufaransa, katikati ya Pasifiki. Kipo ile rasi ya Tahiti Iti na barabara inaishia pale pale, ukitaka kuendelea ni mguu au boti. Kutoka Paris ni kilomita kama 15,700, na hakuna mashindano ya medali ya Olimpiki yaliyowahi kufanyika mbali namna hiyo na mji mwenyeji, rekodi ya zamani ilikuwa ya 1956 pale Olimpiki ilipokuwa Melbourne halafu farasi wakakimbizwa Stockholm kwa sababu ya sheria za karantini za Australia. Sasa kwa nini Paris waende kote huko? Ufaransa yenyewe ina pwani ya Atlantiki, kina Biarritz, Lacanau, La Torche na ukanda wa Hossegor wote waliomba. Jibu lake ni kalenda tu. Mwezi wa saba na wa nane Atlantiki ya Ufaransa mara nyingi imelala, wakati Tahiti ndio msimu wenyewe. Waandaaji wakaichagua Teahupo'o mwishoni mwa 2019, na Machi 2020 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapitisha.

Na wimbi lenyewe sio la mchezo. Dhoruba zinapiga huko chini kabisa kusini, mawimbi yanasafiri maelfu ya kilomita kwenye maji ya kina kirefu bila kugusa kitu, halafu ghafla bin vuu yanakutana na mwamba wa matumbawe pembeni ya mlango wa Havae, yaani ule uwazi kwenye mwamba. Bahari inatoka kwenye kina kirefu inaingia kwenye maji ya kiunoni ndani ya umbali mfupi mno, wimbi halipati nafasi ya kupungua nguvu, linajikunja lote kwa mpigo mmoja na kutengeneza handaki la maji. Kazi ya mchezaji ni kuingia ndani ya hilo handaki na kutoka upande wa pili bado amesimama, akikosea anatua juu ya matumbawe ambayo ni makali kama ujuavyo. Ligi ya dunia ya sefingi iliwaondoa wanawake pale baada ya 2006 kwa kuona ni hatari, wakarudi 2022 tu, yaani miaka 16 wadada wanaangalia kwenye TV.

Hapa ndio mnara unapoingia, na bila kuelewa hili kisa chote kitaonekana kama ugomvi wa kijinga. Sefingi mshindi hapatikani kwa saa wala goli. Kuna majaji watano, kila mmoja anatoa alama kuanzia 0 hadi 10, ile ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki wanachukua wastani, na mchezaji anahesabiwa mawimbi yake mawili bora. Teahupo'o alama zinatoka ndani ya handaki, jamaa ameingia kwa kina gani, amekaa muda gani, ametoka safi au ametoka kwa bahati huku povu linamsukuma. Vitu hivyo jaji anatakiwa avione kwa kutazama mdomo wa handaki, sio mgongo wake. Wimbi liko kama nusu kilomita kutoka ufukweni na kutoka nchi kavu unaona bahari inachafuka tu na vichwa viwili vitatu. Ndio maana tangu mashindano makubwa yaanze pale majaji wamekuwa wakikaa kwenye mnara uliosimama majini, juu ya mwamba, pembeni ya mlango.

Mnara wa zamani ulikuwa wa mbao. Kila mwaka mashindano yakikaribia unaunganishwa, yakiisha unavunjwa, misingi inabaki majini. Miaka kama ishirini watu wameishi hivyo na hakuna aliyelalamika, wavuvi wanaujua, wacheza sefingi wanaujua, hata samaki sijui kama walikuwa na shida nao. Ila kwenye kuandaa Olimpiki waandaaji wakasema misingi ile haikidhi tena viwango vya usalama, mnara hauwezi kupewa cheti, hakuna mtu wa kuweka saini yake watu wapande juu. Kwa hilo nawaelewa. Mnara wa watu ukianguka baharini katikati ya matangazo ya Olimpiki nani atajibu?

Tatizo ni walichokileta badala yake. Ramani ya kwanza ilikuwa mnara wa alumini wa tani 14, wenye uwezo wa kubeba watu 40, una vyoo, una chumba chenye kiyoyozi kwa ajili ya seva, na ili hivyo vyote vifanye kazi lazima bomba na kebo vipite chini ya bahari kutoka nchi kavu, na misingi mipya itobolewe kwenye mwamba. Gharama karibu dola milioni 5. Kwa siku nne za mashindano! Najua walisema utatumika na miaka inayofuata, lakini hebu soma tena hiyo orodha, choo cha kuvuta maji juu ya matumbawe. Pale ndipo mtu wa kawaida kijijini, hata ambaye hana shida na Olimpiki, alisema hapana.

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Mwamba ndio unaovunja nguvu ya bahari isije ikaingia kwenye nyumba, ndani yake ndio samaki wanazaliana, na wanawake na wazee wasioweza kwenda mbali wanavua hapo hapo. Kwa Teahupo'o kulikuwa na hofu mbili za ziada. Ya kwanza ni sumu. Kule Pasifiki kuna ugonjwa unaitwa siguatera, matumbawe yakifa au yakivunjwa kuna mwani unashika pale, ndani ya huo mwani kuna vijidudu vyenye sumu, samaki wadogo wanakula, wakubwa wanakula wadogo, mtu anakula mkubwa, na kupika hakusaidii kitu maana sumu haifi kwa moto. Unatapika, viungo vinauma, wengine wanahisi maji ya baridi kama yanawaunguza. Sasa mwambie mvuvi kwamba unakwenda kutoboa mwamba anaokulia samaki wake. Ya pili ni wimbi lenyewe, kwa sababu linatengenezwa na umbo la mwamba, na watu waliogopa kwamba ukitoboa na ukipasua huwezi kujua baada ya miaka kumi litavunjika vipi. Hii ya pili kitaalamu sina uhakika ilikuwa na uzito kiasi gani, mnara uko pembeni sio pale wimbi linapojikunja, ila ni rahisi kuongea hivyo ukiwa mbali.

Halafu kuna historia ambayo waandishi wengi wa michezo waliipita kimya. Kati ya 1966 na 1996 Ufaransa ililipua mabomu ya nyuklia 193 ya majaribio kwenye visiwa vya Moruroa na Fangataufa, Polinesia hiyo hiyo, na miaka yote hiyo wataalamu kutoka Paris walikuwa wanawaambia watu msiwe na wasiwasi, tumepima, ni salama. Kwa hiyo mtaalamu mwingine akishuka 2023 na karatasi zake akasema tumepima, athari ni ndogo, unategemea mzee wa pale ampokeeje?

Oktoba 2023 ndio mambo yakalipuka hadharani. Mamia ya watu wakaandamana Teahupo'o kwa amani, wavuvi, wacheza sefingi, akina mama na watoto. Sura iliyojulikana zaidi ni Matahi Drollet, mchezaji wa hapo hapo, anayelijua lile wimbi kuliko karibu kila mtu duniani, akarekodi vidio anaongea kwa utulivu kabisa bila matusi, ikasambaa balaa, na petisheni ya mtandaoni ikavuka saini laki mbili. Hoja yao, na hii watu wa nje hawakuisikiliza vizuri, haikuwa kufukuza Olimpiki. Walisema njooni, karibuni, ila tumieni mnara wa mbao, kama misingi imechoka itengenezeni. Na walilalamika kwamba wamekuja kuelezwa wakati ramani imeshachorwa, kwamba vikao vilikuwa vya kuambiwa badala ya kuulizwa.

Katikati ya Novemba waandaaji na serikali ya Polinesia wakarudi na ramani iliyopunguzwa. Tani 14 zikawa 9. Watu 40 wakawa 25 hadi 30. Vyoo vikaondoka, kiyoyozi kikaondoka, ukubwa ukarudishwa karibu sawa na ule wa mbao. Kiukweli huo ni ushindi mkubwa kwa kijiji, wiki chache tu za kupiga kelele zimeshusha tani tano, na inakuonyesha pia kwamba vile vitu vya kwanza havikuwa vya lazima, maana kama choo na kiyoyozi vingekuwa vya lazima kweli visingefutwa ndani ya mwezi. Lakini wenyeji wengi walibaki na msimamo wao kwamba mnara mpya bado ni kutoboa, na kutoboa hawataki.

Sasa njoo tarehe 1 Desemba 2023, siku ambayo kwangu mimi ndio kiini cha kisa chote.

Ili ujenge mnara juu ya mwamba unahitaji kufikisha mashine ya kutobolea pale juu, na mashine nzito haibebwi na ngalawa, inabebwa na tishari, lile boti bapa la mizigo. Tishari linapita kwenye maji ya ndani ya mwamba, ambayo sehemu nyingine ni mafupi kiasi kwamba unaona chini vizuri bila hata miwani. Siku hiyo walikuwa wanafanya jaribio tu, hawajaanza kujenga, wanataka kuona kama tishari litafika. Halikufika. Njiani likagonga na kusaga matumbawe, wenyeji wako pembeni na kamera zao, na kwenye vidio unaona vipande vyeupe vya matumbawe vilivyovunjika, vipya, chini ya maji masafi kabisa. Hakuna tathmini ya kurasa mia mbili inayoweza kushindana na vidio ya namna hiyo. Miezi miwili watu wanaambiwa madhara yatakuwa madogo na yamedhibitiwa, halafu jaribio la kwanza kabisa linafanya kile kile walichosema wanakijiji kitatokea.

Ndio hapa nasema pande zote waliruka kitu. Kelele zote za Oktoba na Novemba zilikuwa juu ya uzito wa mnara, tani 14 au tani 9, choo kiwepo kisiwepo. Waandaaji walipopunguza mnara walifikiri wamepunguza madhara kwa kiwango hicho hicho. Lakini mashine ya kutoboa ni ile ile hata ukijenga kibanda, na tishari linahitaji kina chake cha maji hata mnara uwe wa tani tano. Hatari ilikuwa njiani. Mjadala wa watu wazima na wahandisi wao ukakaa miezi kwenye jengo wakati swali la fundi yeyote wa pwani lingekuwa la kwanza kabisa, mnapita wapi na saa ngapi, maji yakiwaje? Mvuvi wa Teahupo'o angewajibu bure kabisa.

Baada ya hapo ikawa siasa. Rais wa Polinesia ya Ufaransa Moetai Brotherson akasimamisha kazi na akaanza kuuliza hadharani kama kweli Teahupo'o ndio mahali sahihi, jina la Taharuu, sehemu nyingine ya mawimbi hapo hapo Tahiti, likatajwa. Waziri wa michezo wa Ufaransa, Amélie Oudéa-Castéra, alikiri kwamba jaribio halikuandaliwa vizuri. Hao ni watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuutetea mradi, kwa hiyo pima mwenyewe hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Halafu likatokea jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Shirikisho la kimataifa la sefingi, ISA, ndio wenye mchezo wenyewe, mwezi huo huo wa Desemba likasema haliungi mkono ujenzi wa mnara mpya na likapendekeza majaji wafanye kazi kwa picha za moja kwa moja, kamera za nchi kavu, za majini na za droni. Yaani waliokuwa wanahitaji mnara wakasema tunaweza bila mnara! Wengine walishangilia, mimi nilijiuliza kwa nini pendekezo hilo linatolewa miezi saba kabla ya mashindano na sio miaka mitatu kabla. Kama lingekuja 2021 wangekuwa na misimu miwili mitatu ya kulijaribu kwenye mashindano ya kawaida, waone kama jaji anayetazama skrini anatoa alama sawa na jaji aliye mnarani, waone droni inafanyaje upepo ukiwa mkali. Desemba 2023 lilikuwa wazo zuri lisilokuwa na muda. Na droni kwa mashindano ya medali ni hatari kweli, chukulia fainali, mtu ameingia ndani ya handaki, picha imekata sekunde tatu, unampa ngapi?

Serikali ya Polinesia ikaamua kuendelea. Zamu hii wakachukua tishari dogo zaidi lisilozama sana, njia ikapimwa upya, na kazi ikaanza kabla mwaka haujaisha. Wapo walioiona hiyo kama dharau, na naelewa, ila ukiangalia kwa jicho la kazi tu ndivyo ilivyopaswa kufanywa tangu siku ya kwanza. Huku nyuma wenyeji nao hawakukaa kusubiri, wakashirikiana na watafiti kutoka Hawaii kutengeneza ramani za pande tatu za mwamba wao, ili kesho mtu akisema hakuna kilichoharibika kuwe na kitu cha kulinganishia. Hii kwangu ndio hatua ya akili kuliko zote katika kisa hiki na ndio iliyotangazwa kidogo kuliko zote.

Mwezi wa tano 2024 mnara ukajaribiwa kwenye mashindano ya ligi ya dunia, Tahiti Pro, na sinema yenyewe ikanoga kwa sababu upande wa wanawake alishinda Vahine Fierro, binti wa huko huko Polinesia kutoka kisiwa cha Huahine, ambaye wala hakuwa kwenye ligi mwaka huo, alialikwa tu. Wanaume alichukua Italo Ferreira, yule aliyekuwa bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Mnara ukasimama, majaji wakaona, hakuna aliyeongelea mnara siku hiyo.

Olimpiki yenyewe ilianza 27 Julai, wachezaji 48, nusu wanaume nusu wanawake. Kingine kilichobadilika kutokana na udogo wa kijiji ni malazi, wachezaji hawakujengewa kitu, walilala kwenye meli, Aranui 5, ambayo siku za kawaida inabeba mizigo na abiria kwenda visiwa vya Marquesas. Hakukuwa na jukwaa la mashabiki pale kwenye wimbi. Mashindano ya Olimpiki bila mashabiki kwenye uwanja, na bado yakawa ndio yaliyotoa picha iliyosambaa kuliko zote.

Siku ya 29 Julai bahari iliamka vibaya, au vizuri, inategemea wewe ni nani. Medina alikutana na Kanoa Igarashi wa Japani, ambaye ndiye aliyemtoa nusu fainali Tokyo, kwa hiyo kulikuwa na deni hapo. Akaingia kwenye handaki akatoka akapewa 9.90, akaruka juu kushangilia, na hapo ndio Brouillet akabonyeza. Lakini kwa sisi wa Afrika siku hiyo ilikuwa na mechi nyingine ya kuumiza zaidi. Ramzi Boukhiam wa Morocco alipata wimbi la 9.70, jumla yake ikawa 17.80, alama ambayo ingewatoa wengi sana kwenye mashindano yale, na akatolewa, kwa sababu João Chianca wa Brazil alikuwa na 18.10. Tofauti ya 0.30! Unapofika kwenye tofauti kama hiyo ndio unaelewa kwa nini kulikuwa na watu waliokuwa tayari kugombana na kijiji kizima ili jaji akae mahali anapoona vizuri. Ningekuwa mimi ni Boukhiam nimepoteza kwa 0.30 na majaji walikuwa wanatazama droni, nisingelala mpaka leo.

Baada ya hapo bahari ikaleta yake, siku zikaahirishwa, upepo mbaya, mawimbi hayaeleweki, mpaka tarehe 5 Agosti ndio zikachezwa fainali. Medina alitolewa nusu fainali na Jack Robinson wa Australia katika mechi ambayo maji yalitulia, Medina akasubiri wimbi la pili lisije, akaondoka na shaba. Kisha Robinson yakamkuta yale yale kwenye fainali. Kauli Vaast, kijana wa miaka 22 kutoka Vairao, jirani kabisa na Teahupo'o, ambaye alianza kulicheza lile wimbi akiwa na miaka 8, alifungua na 9.50, akaongeza 8.17, jumla 17.67. Robinson akabaki na 7.83 bahari imemnunia. Vaast baadaye aliongelea mana, ile nguvu ambayo Wapolinesia wanaamini iko kwenye mahali na watu wake, na sina sababu ya kumbishia. Wanawake dhahabu ilienda kwa Caroline Marks wa Marekani kwa 10.50 dhidi ya 10.33 za Tatiana Weston-Webb wa Brazil, shaba kwa Mfaransa Johanne Defay. Fierro hakufika kwenye medali.

Dhahabu ya Vaast ndio iliyofanya watu wengi waseme basi, yameisha, kijana wa nyumbani ameshinda nyumbani, mnara umesahaulika. Mimi hapo siwafuati. Medali haijibu swali la matumbawe hata kidogo. Yale yaliyosagwa na tishari yanahitaji miaka mingi kurudi, na misingi iliyotobolewa iko pale pale. Vilevile siwafuati wanaosema kijiji kilishindwa. Linganisha ramani ya kwanza na kilichojengwa: hakuna choo, hakuna kiyoyozi, tani tano pungufu, tishari dogo, ramani za mwamba mikononi mwa wenyeji. Hivyo vyote vilipatikana kwa sababu watu hawakunyamaza, na vyote vingepatikana kwa bei nafuu zaidi, bila hata jiwe moja kuvunjika, kama vikao vya 2023 vingefanyika 2020 kabla ya mhandisi hajafungua kompyuta yake. Walikuwa na zaidi ya miaka mitatu tangu kupitishwa Machi 2020 mpaka maandamano.

Waandaaji nao nisiwaonee sana. Walikuwa na mnara usio na cheti, mchezo unaohitaji jaji aone ndani ya handaki, shirikisho lililobadilisha kauli dakika za lala salama, na tarehe ambayo haisogezeki. Kosa lao ni dogo kwa maelezo na kubwa kwa matokeo, walianza na jengo wakamalizia na njia.

Mnara unaendelea kutumika. Agosti 2025 ligi ilirudi Tahiti na Jack Robinson, yule yule aliyenyimwa mawimbi kwenye fainali ya Olimpiki, akashinda, na kwa wanawake akashinda Molly Picklum. Olimpiki ya 2028 sefingi itakuwa Lower Trestles kule San Clemente, California, wimbi linalovunjikia karibu na ufukwe wa mawe, majaji wataliona wakiwa wamekaa nchi kavu.